Gari Likilalia Upande: Sifa ya Fundi Anayepima Kwanza

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, watu hawanyanyui magari kwa ajili ya urembo. Barabara kuu ya lami inayotoka Nyakanazi, ikapita Lusahunga, Nyakahura na Benaco hadi Rusumo, ni njia ya malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda na Burundi. Lakini sehemu kubwa ya maisha ya wilaya hizi hupita kwenye njia zinazochepuka kutoka hapo: za udongo mwekundu na changarawe, zinazopanda na kushuka vilima vya Rulenge, Keza na Bugarama, ambako maji ya mvua huchimba mitaro katikati ya njia. Probox au Succeed, gari lililoundwa Japani kwa ajili ya kusambaza bidhaa mijini, huku hubeba abiria, mikungu ya ndizi, magunia ya maharage na mifuko ya saruji kwa safari moja. Tumbo lake hukwaruza chini. Basi mwenye gari hununua springi nene zaidi, au huweka spesa, au akiwa na Hilux au Land Cruiser huongeza jani. Gari hupanda, naye hufurahi. Kisha, gari likiwa limeegeshwa tupu, hulitazama kwa nyuma na kuona limelalia upande mmoja. Hapo ndipo inapoanza kazi ninayotaka kuisifu: kazi ya fundi anayetafuta kwa nini gari limelala, kabla hajashika spana.

Dai langu ni moja. Ufundi wa miguu ya gari, ule unaostahili heshima na malipo, hauko katika kufungua na kufunga springi. Kijana mwenye nguvu, jeki nzuri na mwalimu mvumilivu hujifunza kufungua na kufunga kwa miezi michache. Ufundi uko katika kupambanua: kutenga sababu moja kati ya nyingi zinazoleta sura ileile, na kufanya hivyo kwa mpangilio ambao mtu mwingine anaweza kuurudia na kupata jibu lilelile. Gari lililolala huonyesha pembe iliyoshuka kwa kila mpita njia. Halionyeshi kilichoishusha. Fundi anayeufahamu umbali uliopo kati ya mambo haya mawili ana elimu kamili mikononi mwake, hata kama hajawahi kukaa darasani, na elimu hiyo haihitaji mashine ya mamilioni. Inahitaji futi kamba, jeki, chaki, mahali palipo tambarare, na akili isiyokubali jibu la kwanza kwa sababu tu limekuja mapema.

Mahali penyewe panaongeza uzito wa dai hili, kwa sababu fundi wa Ngara au Biharamulo hawezi kuishi kwa jibu moja alilokariri. Magari yanayoingia gerejini kwake yamejengwa kwa namna mbalimbali. Land Cruiser za zamani za familia ya 70 zina majani ya springi mbele na nyuma, na zile zilizotoka baada ya mabadiliko ya 1999 zina springi za koili mbele na majani nyuma. Hiace nyingi hazina koili mbele: uzito wa pua zake hubebwa na vyuma virefu vinavyojipinda, tosheni baa, na kila upande una bolti yake ya kurekebishia kimo. Probox ina koili miguu yote minne. Zaidi ya hayo, wilaya ya Ngara ina mipaka miwili. Rusumo, ambako kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa Aprili 2016, na Kabanga kwa upande wa Burundi, ni mahali ambapo dereva anayetoka Tanzania huacha kushika kushoto na kuanza kushika kulia. Kwa hiyo fundi hukutana na magari yenye usukani wa kulia na mengine yenye usukani wa kushoto, mengine yamezoea magurudumu ya kushoto kushuka kwenye bega la lami, mengine ya kulia. Uzito wa dereva anayesafiri peke yake haukai upande uleule, wala tangi la mafuta na betri havikai mahali pamoja kwenye kila gari. Mtu asiyeuliza gari hili limetoka wapi, lilikuwa likiendeshwa upande gani na lilikuwa likibeba nini, ameanza kazi akiwa amekosa nusu ya ushahidi.

Kiini cha ugumu wote kinaeleweka kwa kanuni ambayo Robert Hooke wa Uingereza aliichapisha 1678: springi hujibana kwa kadiri ya uzito inaobeba. Kanuni ni nyepesi, lakini gari lina springi nne chini ya bodi moja ngumu, na hapo ndipo mambo yanapofungamana. Meza ya miguu minne ikiwa na mguu mmoja mfupi, haikosi kutulia kwenye mguu ule tu. Inayumba kwa mshazari, na aliyekaa upande wa pili ndiye anayelalamika. Chukua gari la mfano lenye springi nne za ugumu sawa, uzito uliogawanyika sawasawa, na stabilaiza tuiache kando kwanza. Springi ya nyuma kushoto iwe fupi kuliko wenzake kwa sentimita 4. Kwa kuwa bodi haipindi, upungufu huo hugawanywa kwenye pembe zote: nyuma kushoto hushuka sentimita 3, mbele kushoto na nyuma kulia hushuka sentimita 1 kila moja, na mbele kulia hupanda sentimita 1. Sasa pima tofauti ya kushoto na kulia. Mbele ni sentimita 2, na nyuma ni sentimita 2 vilevile. Springi za mbele ni nzima kabisa, lakini mbele kumelala sawa na nyuma. Maana yake ni kwamba kuangalia gari limelalia upande gani, na kwa kiasi gani, hakuwezi peke yake kukuambia springi ipi ina kasoro. Anayejibu kwa kuangalia tu anabahatisha, na akipatia amepatia kwa bahati.

Ndiyo maana fundi mwangalifu huanza kwa kuondoa vinavyodanganya. Cha kwanza ni ardhi. Viwanja vya gereji nyingi katika nchi ya vilima vimeinama, hata kama macho yameshazoea na hayaoni tena. Dawa yake haihitaji sakafu ya zege: pima gari likiwa limeelekea upande mmoja, weka alama za chaki kwenye kila gurudumu, ligeuze, lirudishe magurudumu kwenye alama zilezile, kisha upime tena. Ikiwa upande ulioshuka umebaki uleule wa gari, kasoro iko kwenye gari. Ikiwa umehama kufuata kiwanja, mwenye kosa ni kiwanja. Cha pili ni matairi. Upepo usiolingana, au tairi jipya upande mmoja na lililolika upande wa pili, huinamisha gari ambalo springi zake hazina kosa. Kwa sababu hiyo kipimo cha maana hakianzi chini. Huanza katikati ya habu ya gurudumu na kupanda wima hadi ukingo wa madigadi, ili urefu wa tairi usiingie kwenye hesabu. Cha tatu ni madigadi yenyewe. Gari lililowahi kugongwa na kunyooshwa linaweza kuwa na ukingo uliokaa juu au chini kuliko mwenzake, basi kipimo cha habu hulinganishwa na cha pili kinachochukuliwa kwenye chesisi. Cha nne ni jeki. Gari likishushwa kutoka kwenye jeki, matairi hubaki yamejikunja kwa ndani na msuguano wa ardhi huzuia springi kukaa mahali pake. Lazima lisukumwe mbele na nyuma hatua kadhaa, litikiswe, ndipo lipimwe. Mzigo ushushwe, na kiasi cha mafuta kwenye tangi kiandikwe. Baada ya hayo ndipo namba nne zilizo kwenye karatasi huanza kuwa ushahidi.

Namba nne hizo, nilivyoonyesha, bado hazitoshi kutenganisha mbele na nyuma. Hapa upo mtihani mmoja ambao kwangu ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa katika kazi za mikono, kwa sababu unajibu swali gumu kwa tendo moja. Magurudumu ya nyuma yanawekewa kigingi mbele na nyuma, na gari linainuliwa kwa mbele na jeki iliyowekwa katikati kabisa ya chuma kinachokatiza kutoka upande hadi upande, mpaka matairi ya mbele yaachane kidogo tu na ardhi. Hakuna mtu anayeingia chini, na stendi zinasubiri pembeni. Sasa pua ya gari imekaa juu ya nukta moja, na springi za mbele hazina tena usemi juu ya upande ambao bodi italalia. Kinachoamua ni springi za nyuma peke yake. Gari likinyooka, nyuma hakuna kosa, na msako unahamia mbele. Likibaki limelala, tena likizidi kulala, kosa liko nyuma, kwa kuwa springi nzima za mbele zilizokuwa zikisaidia kulishikilia zimeondolewa. Katika mfano wetu, tofauti ya sentimita 2 ingefika sentimita 4. Kisha mtihani unarudiwa kwa upande wa pili, jeki ikiwa katikati ya nyuma chini ya bodi. Dakika chache, jeki moja, na nusu ya sababu zote zimefutwa kwenye orodha bila kufungua hata nati.

Baada ya kujua ni mbele au nyuma, fundi huyu bado hakimbilii kulaumu springi. Gari lilikuwa limesimama sawa kabla ya kazi, likalala baada ya kazi. Kwa hiyo kazi yenyewe ndiyo mshukiwa wa kwanza. Koili nyingi zina mkia unaopaswa kugusa kidato kilichomo ndani ya kikombe cha springi. Mkia ukipita kidato ukapanda juu yake, pembe hiyo husimama juu kuliko mwenzake, na mtu aliye nje haoni kitu. Raba inayokaa kati ya koili na kikombe huweza kuwa imesahaulika upande mmoja. Watengenezaji wengine hutoa springi za kushoto na kulia zenye urefu tofauti kidogo, makusudi, kwa ajili ya dereva, tangi na betri; alama za rangi au namba kwenye chuma ndizo zinazosema ipi ni ya wapi, na zikibadilishwa pande, gari hulala ingawa kila kipande ni kipya. Shokapu zenye gesi husukuma bodi juu kidogo, hivyo ya gesi upande mmoja na ya kawaida upande mwingine haziwezi kulingana. Stabilaiza yenye linki ndefu upande mmoja huivuta bodi. Ukizifungua linki zote mbili na gari likanyooka, umeshapata jibu.

Lakini kosa linalostahili kutazamwa kwa karibu kuliko yote ni la bushi. Bushi ya wishboni ni bomba dogo la chuma lililo ndani ya bomba kubwa, katikati yake pakiwa pamegandishwa raba. Bolti ikikazwa, bomba la ndani hubanwa lisizunguke tena, na kuanzia hapo kila mguu unapopanda au kushuka, raba ndiyo inayojipinda. Raba hiyo hupumzika katika mkao ule iliokazwa nao. Fundi mwenye haraka hukaza bolti gari likiwa juu ya stendi na miguu inaning'inia. Gari likishushwa, wishboni hupanda, raba hujipinda na kuanza kusukuma kurudi ilikokazwa, yaani huliinua gari. Kama upande mmoja ulikazwa miguu ikining'inia, na wa pili ulikazwa gari likiwa chini, pande mbili zinabebwa kwa nguvu mbili tofauti ingawa springi ni pacha. Baada ya muda raba huchanika, gari hubadilisha mkao wake, na mwenye gari huambiwa springi alizouziwa ni feki. Tiba yake ni kulegeza bolti zote za bushi gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake juu ya shimo la gereji, kulitikisa, kisha kuzikaza hapohapo. Hakuna kinachonunuliwa. Kuna kujua tu ni wakati gani wa kukaza, na kujua huko ndiko kunakomtenga fundi na mtu anayemiliki spana.

Kwa magari ya majani, ambayo bado ni tegemeo la vijiji vingi vya wilaya hizi, mantiki ni ileile ingawa vyuma ni vingine. Upinde wa pakiti mbili za majani hulinganishwa zikiwa zimefunguliwa na kuwekwa ubavu kwa ubavu. Idadi ya majani inaweza kuwa sawa huku unene ukitofautiana. Senta bolti iliyokatika huruhusu ekseli isogee, na gari huonekana limelala na pia linakwenda mshazari. Shako iliyojaa kutu haizunguki, kwa hiyo springi haiwezi kujinyoosha inavyotakiwa upande huo. Yubolti zilizokazwa siku ya kazi hulegea majani yanapojipanga, na zinatakiwa kukazwa tena baada ya gari kutembea kwa mzigo. Fundi anayemwambia mteja arudi baada ya siku chache ili yubolti zikazwe upya hatafuti pesa ya pili. Anakamilisha kazi ya kwanza.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa watu wa vitendo, nao wana hoja: kwa nini mzunguko wote huu, wakati spesa moja au raba ya kubana kwenye koili huinua pembe iliyoshuka na gari likarudi kazini mchana uleule? Turudi kwenye gari la mfano. Springi mbovu iko nyuma kushoto, lakini mwenye gari amelalamikia mbele kushoto, na fundi anaongeza spesa hapo mpaka pande zilingane. Ili zilingane atahitaji kuongeza kimo cha sentimita 4. Akishamaliza, kushoto na kulia ni sawa mbele, na ni sawa nyuma pia. Mteja anaridhika. Ila pua imepanda sentimita 4 zaidi ya mkia, na springi za mbele kushoto na nyuma kulia sasa zimebanwa sentimita 2 zaidi ya kawaida, huku zile mbili nyingine zimelegea sentimita 2. Ikiwa kila springi ilikuwa inajibana sentimita 10 chini ya uzito wa gari lililosimama, basi gurudumu la mbele kushoto linabeba mara moja na nusu ya linachobeba la mbele kulia. Gari limenyooka machoni na limepotoka zaidi miguuni kuliko lilipokuwa limelala. Kwenye changarawe, gurudumu lililobeba kidogo ndilo litakalofunga kwanza dereva akikanyaga breki, na gari litavutwa upande. Spesa yenyewe pia haisemi ukweli kwa kipimo chake. Kwenye gari ambalo springi imekaa katikati ya wishboni, kati ya bodi na gurudumu, sentimita 1 ya spesa inaweza kuinua pembe kwa karibu sentimita 2, wakati kwenye mguu wa Probox, ambako springi imezunguka shokapu ya mbele, huinua karibu sawa na unene wake. Asiyejua tofauti hii huongeza na kupunguza bila kufika.

Kuna hatari nyingine inayofichwa na kuinua kwa haraka. Pickup na magari mengi ya mizigo yana vali nyuma iliyounganishwa kwa fimbo na ekseli, nayo hugawa nguvu ya breki kwa kuangalia bodi imeshuka kiasi gani. Bodi ikikaa chini, vali huelewa kuna mzigo na kuongeza nguvu kwenye breki za nyuma. Ikikaa juu, huelewa gari ni tupu na kuipunguza. Nyuma ikinyanyuliwa bila fimbo hiyo kurekebishwa, gari lililojaa hadi kileleni hupewa breki za gari tupu, na mteremko wote huachiwa breki za mbele. Katika nchi ambayo barabara hushuka kwa muda mrefu kuelekea bonde la mto Kagera, hili halihusu starehe. Linahusu kama gari litasimama.

Pingamizi la pili ni kinyume cha la kwanza: kwamba kulala kidogo hakumdhuru mtu, na fundi anayehangaika na milimita anapoteza muda wake na wa mwenzake. Nakubaliana na sehemu ya hoja hii, na naihesabu kuwa sehemu ya ufundi wenyewe. Hakuna gari linalotoka kiwandani likiwa na pembe nne zilizolingana kama zilizochorwa kwa rula. Tofauti isiyofika sentimita 1, gari likiwa tupu, mara nyingi si kasoro, na huenda ikafutika dereva akikaa kwenye kiti chake. Fundi mwenye kipimo mkononi ndiye pekee anayeweza kusema kwa ujasiri, "Hili liache lilivyo, ndugu yangu." Asiyepima ama atakitengeneza kisichoharibika, ama ataliachia gari lenye koili iliyokatika ncha ndani ya kikombe, kwa sababu magari yote mawili yanaonekana yamelala kidogo tu. Hapa kipimo kinamsaidia mteja hata kisipopata kasoro: kinamwokolea pesa ambayo angeitoa kwa hofu.

La tatu ndilo zito, kwa kuwa linatoka mfukoni. Mwenye gari la abiria kati ya Benaco na Ngara mjini hulipwa kwa safari. Kila saa gari linapokaa gerejini ni saa isiyoingiza kitu. Atauliza kwa haki kama elimu hii yote si anasa ya wenye nacho. Nadhani ukweli ni kinyume chake. Mwenye gari katika jiji kubwa anaweza kukosea kununua springi, akazirudisha dukani jioni akapewa nyingine. Huku, spea isiyopatikana dukani karibu husubiriwa ifike kwa basi au lori kutoka Mwanza, au kutoka Dar es Salaam iliyo zaidi ya kilomita 1,000, na aghalabu ni ya mtumba isiyo na wa kumrudishia. Kubadilisha springi nzima kwa sababu bushi ilikazwa vibaya ni hasara ambayo tajiri huimeza na maskini huifanyia kazi msimu mzima. Saa moja ya kupima inagharimu nauli za safari moja. Kubahatisha kunagharimu springi, usafirishaji, siku za kusubiri, matairi yanayolika upande, na mara nyingi kurudi mwanzo. Anayehitaji zaidi jibu sahihi kwa mara ya kwanza ni yule asiyeweza kulipia la pili.

Watakuwepo pia wanaoamini kwamba mashine zitaumaliza mjadala huu, na wengine wanaoamini kuwa jicho la fundi mzee linatosha. Mashine ya kunyoosha magurudumu husoma pembe za matairi kwa usahihi mkubwa, lakini haijui kwamba bushi ilikazwa miguu ikining'inia. Itanyoosha matairi ya gari lililolala, na siku gari litakapobadilisha mkao wake, unyooshaji wote utakuwa umepotea. Mizani za barabarani nazo hupima uzito wa ekseli, na katika mfano wetu uzito wa kila ekseli haukubadilika hata kidogo. Kilichopotoka ni mgawanyo wa kushoto na kulia ndani ya ekseli ileile. Mashine ni shahidi mzuri kwa swali lililoulizwa vizuri, na kuuliza vizuri ndiyo kazi ya fundi. Jicho la mzee, kwa upande wake, ni hazina ya kuanzia. Linamwonyesha mahali pa kutazama kabla ya wengine. Ila jicho haliwezi kurithishwa kwa mwanafunzi, wala haliwezi kuamua ubishi kati ya fundi na muuza spea. Namba nne zilizoandikwa kabla ya kazi, na nne nyingine baada yake, zinaweza kufanya yote mawili.

Kutokana na hayo, heshima ninayoitetea ina matendo yake. Chuo kinachofundisha umakanika kimpe mwanafunzi gari lililolala na kimtake aeleze sababu kwa maandishi kabla hajaruhusiwa kufungua chochote. VETA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya 1994, inayo tayari njia ya kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Mafundi wa gereji za Nyakanazi na Kabanga wanaopima namna hii wanastahili kutahiniwa katika kupambanua, pamoja na kufungua na kufunga. Wenye gereji waweke daftari la vimo: tarehe, gari, habu hadi madigadi kwa kila pembe, tairi, mzigo. Na sisi wenye magari tubadilishe tabia moja. Tumezoea kumlipa fundi kwa kitu kipya anachotuonyesha mkononi, na kunung'unika anaposema amelegeza bolti mbili akazikaza tena. Kwa mazoea hayo tumewafundisha mafundi kuuza spea hata pale walipojua kwamba haihitajiki. Fundi akipima kwa saa nzima, akageuza gari, akainua pua kwa jeki katikati, kisha akasema springi zako ni nzima na tatizo ni hili hapa, amekupa kitu adimu kuliko springi yoyote iliyowahi kushushwa kwenye basi. Alipwe kwa hicho, bei yake itajwe waziwazi kwenye ubao wa gereji kama inavyotajwa bei ya kumwaga oili, na kazi hiyo iitwe kazi.